Laki tatu za kutangaza programu mpya Kigoma: wakala, Facebook, WhatsApp, SMS au redio?

Programu imekamilika, mfukoni zimebaki laki tatu, na kila unayemuuliza ana lake: huyu anasema peleka redioni, yule busti Facebook, wa tatu chapisha fulana. Hakuna anayekudanganya. Shida ni kwamba laki tatu ukizigawa sawa kwa njia sita, kila njia inapata elfu hamsini, na elfu hamsini mara nyingi haitoshi hata kukuonyesha kama njia hiyo inafaa. Fedha inaisha na hujajua lolote.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye kiasi hicho au pungufu, anayeanzia Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ambaye watumiaji wake wengi wana simu za Android za bei nafuu: nafasi imejaa video za WhatsApp, bando linanunuliwa la siku. Wenye iPhone tumewaweka kando kwa makusudi. Kujisajili kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, wakati Google Play ni dola 25 mara moja tu. Kwa mfuko huu, tofauti hiyo peke yake inakula matangazo.

Kipimo tunachotumia ni kimoja: umetumia shilingi ngapi kumpata mtu ambaye siku ya saba bado anaifungua programu. Chukua namba za mfano. Elfu sitini ya Facebook imeleta watu 120 waliopakua, na siku ya saba wamebaki 12. Kila mmoja amekugharimu 5,000. Elfu sitini nyingine amepewa wakala aliyekaa mwaloni Kibirizi (si wa fedha, ni kijana wa kuwasaidia watu kuiweka programu kwenye simu), akaleta watu 40 tu, lakini siku ya saba wamebaki 22. Kila mmoja ni kama 2,700. Ukitazama waliopakua, Facebook imeshinda mara tatu. Ukitazama waliobaki, imeshindwa karibu mara mbili. Mabishano mengi kuhusu njia ipi bora hutokana na watu wawili kuhesabu vitu viwili tofauti.

Kwa mwenye haraka:

| Njia | Inapofaa | Inapokwama |
|---|---|---|
| Wakala uso kwa uso | Watu 200 wa kwanza. Biashara ya sokoni, mwaloni, stendi | Haiongezeki haraka. Wakala akilipwa vibaya analeta jamaa zake |
| Facebook na Instagram | Ukishajua maneno yanayomvuta mteja | Fedha kidogo haiupi mfumo nafasi ya kujifunza |
| WhatsApp | Kueneza kutoka kwa aliyeridhika | Ukiingia kundi la watu kwa tangazo unatolewa |
| SMS | Kumrudisha aliyejisajili na kupotea | Kutafuta wageni |
| Redio | Kujenga imani, kufika vijijini | Huwezi kubonyeza redio |

Mlango kwanza

Njia zote hizi zinamleta mtu kwenye ukurasa wako wa Google Play. Ukurasa ukiwa mbovu, unalipia watu waje wageuke.

Jina lina nafasi ya herufi 30, maelezo mafupi herufi 80, maelezo marefu 4,000. Weka Kiswahili kiwe lugha ya msingi ya ukurasa. Maelezo mafupi yaseme kazi, si sifa. "Jua bei ya dagaa na mawese Kibirizi, Katonga na Mwanga kila asubuhi." Hizo ni herufi 68 pamoja na nafasi, na mchuuzi anajua palepale kama yanamhusu. "Suluhisho la kisasa la kidijitali kwa wafanyabiashara" halimwambii mtu kitu. Picha za skrini zinaruhusiwa hadi nane kwa simu. Mbili za kwanza ndizo zinazoonekana bila kusogeza, kwa hiyo usizipoteze kwa nembo na ukurasa wa kuingilia. Onyesha bei yenyewe, au bodaboda yenyewe ikiwa njiani.

Jina lijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Mwambie kwa mdomo, usimwandikie, kisha mtazame anavyolitafuta. Jina lenye "x" badala ya "ks", au maneno mawili yaliyogandishwa, litakutesa siku ya redio.

Ukubwa nao ni tangazo, zuri au baya. Play Console, mahali unaposimamia programu yako kwa Google, inakuonyesha mtu atapakua MB ngapi. Programu isiyo na video ikivuka MB 20, chunguza picha ulizozifungia ndani. Kuzibadilisha ziwe za muundo mwepesi wa WebP peke yake hupunguza sana. Mwenye bando la siku hufanya hesabu hiyo kabla ya kubonyeza.

Halafu kuna kikwazo ambacho kimewaharibia wengi ratiba. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hairuhusiwi kuweka programu hadharani mpaka ifanye jaribio lililofungwa (closed testing) la watu wasiopungua 12, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Zamani walikuwa 20. Mwishoni mwa 2024 wakapunguzwa. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, ila inadai namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni. Andikisha watu 18 au 20, kwa sababu wawili watabadilisha simu na mmoja atajitoa siku ya tisa bila kukuambia. Baada ya siku 14 bado unaomba ruhusa, nayo huchukua siku kadhaa. Hesabu wiki nne tangu siku ya kwanza ya jaribio, na usilipie redio wala kuchapa chochote chenye tarehe kabla ya hapo.

Watu hao usiwajaze marafiki zako wa chuo. Tafuta wachuuzi wa dagaa wanne, bodaboda watatu wa vijiwe tofauti, mwenye duka Ujiji, wakala wa fedha Mwanga. Ndio watakaokuambia kwamba kitufe hakionekani juani, na baadaye ndio watakaoisemea.

Wakala uso kwa uso, au tangazo la Facebook?

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na ndipo tunapotofautiana na ushauri wa kawaida unaosema anza na Facebook kwa kuwa ni rahisi.

Facebook ni rahisi kuanza. Unahitaji ukurasa, kadi ya kulipia mtandaoni (baadhi ya huduma za fedha za simu zinakufungulia kadi ya namna hiyo bila kwenda benki), na picha moja. Tatizo ni jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Meta, kampuni yenye Facebook, inasema seti ya tangazo inahitaji takriban matukio 50 ya kile unachokitafuta ndani ya wiki ili itoke kwenye hatua ya kujifunza. Ukiweka 5,000 kwa siku ukitafuta watu wa kupakua, huenda wiki ikaisha hujafika hata nusu, na muda wote huo mfumo unabahatisha nani aonyeshwe. Watu hulalamika kwamba tangazo "halifanyi kazi" kumbe halijaanza kazi. Google nayo, kwa kampeni za programu, inapendekeza bajeti ya siku iwe angalau mara 50 ya gharama unayolenga kwa kila aliyepakua. Ukilenga 500 kwa mtu, hiyo ni 25,000 kwa siku. Laki tatu inakwisha siku ya kumi na mbili. Kwa bajeti hii Google tumeiondoa kabisa.

Shimo jingine ni kuchagua lengo la "trafiki" kwa kuwa linaonyesha mibonyezo mingi kwa bei ndogo. Facebook inakupa ulichoomba: watu wanaobonyeza. Wapo wanaobonyeza kila kitu na hawapakui chochote.

Kigoma ina tatizo lake la ramani. Ukichora duara la kilomita 40 kutoka mjini, sehemu kubwa inaangukia majini. Na dagaa hawana Facebook. Ukipanua hadi kilomita 80, duara linafika mwambao wa Kongo na kuingia Burundi, na fedha yako inalipia watu wasioweza kukutumia. Dondosha pini na uweke duara dogo juu ya mji, lingine Mwandiga, lingine Kasulu ikiwa unahudumia huko. Weka pia akilini kwamba VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, inaweza kuongezwa juu ya kiasi ulichopanga.

Sasa wakala. Tunamaanisha kijana mmoja au wawili wanaokaa mahali mtumiaji anapohitaji hasa hiyo programu, wakimsaidia kuiweka kwenye simu na kuitumia mara ya kwanza palepale. Mara ya kwanza ndiyo kazi yenyewe. Mtu aliyepakua bila kutumia ni kama aliyechukua kipeperushi akafungia maandazi.

Mahali kuna maana kuliko wingi wa watu. Stendi ya Masanga alfajiri imejaa, lakini abiria anaogopa kuachwa na basi na mkono mmoja umeshika begi. Abiria wa mitumbwi ya Kibirizi wanaokwenda vijiji vya kaskazini hukaa muda mrefu wakisubiri chombo kijae. Huyo ana dakika kumi na hana la kufanya. Uwanja wa Lake Tanganyika siku Mashujaa wanacheza unavutia kwa macho, ila mikono imeshika karanga na akili ipo kwenye mpira. Wachuuzi wa Katonga na Kibirizi wafuate baada ya mauzo ya asubuhi, si wakati wa kugombea mzigo.

Wavuvi wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, taa hazivuti samaki, wengi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza mashine. Siku hizo chache ndizo za kuzungumza nao. Pia ziwa lenyewe hufungwa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kama programu yako inahusu samaki, ulizia ratiba ya mwaka husika kabla ya kupanga tarehe, maana kipindi hicho hata wauza vocha wa mwaloni wanalalamika.

Vifaa vya wakala: simu yenye bando la kugawa, benki ya umeme ya kuchajia, daftari, na kibao chenye msimbo wa QR. Hesabu bando. Programu ya MB 12 kwa watu 40 ni MB 480, na wengine simu itaanza kusasisha vitu vingine ikikamata mtandao wa bure, kwa hiyo weka GB 2. Dakika nane kwa mtu ni kadirio la haki. Saa nne zinatoa watu 30 ikiwa hakuna kilichokwama.

Na vitakwama. Cha kwanza, simu haina akaunti ya Google, au ina akaunti ya fundi aliyeiuza na mwenye simu hajui neno la siri. Play Store haifanyi kazi bila akaunti. Kumfungulia mpya kunachukua dakika tano na namba yake ya simu, naye lazima aandike neno la siri mahali pake, si kwenye daftari lako. Cha pili, maandishi ya "inasubiri" yasiyoisha: Play Store ina foleni ya programu zinazosasishwa. Nenda kwenye orodha ya masasisho, simamisha zote, kisha rudi kwenye yako. Cha tatu, nafasi imejaa. Mwonyeshe anavyofuta video za WhatsApp alizotumiwa mara tano, naye ndiye achague. Cha nne, namba ya uthibitisho haifiki, mara nyingi kwa sababu mtu ametaja laini isiyo kwenye simu hiyo, au wewe salio la SMS kwa mtoa huduma wako limeisha. Hili la mwisho huwa linatokea siku yenye watu wengi kuliko zote.

Usikimbilie njia ya mkato ya kurushiana faili la programu kwa Xender. Simu itatoa onyo la usalama, mtu ataogopa, na hutaona kwenye Play Console kwamba alikuja.

Malipo ndiyo yanayojenga au kubomoa. Ukimlipa wakala kwa kila aliyepakua, jioni atakuletea shangazi, wajomba na simu tatu za dukani. Mgawie: 500 mtu anapojisajili na kufanya tendo la kwanza, kisha 1,000 siku ya saba kama mtu huyo bado anaitumia. Kila wakala awe na msimbo wake wa kuingizwa wakati wa kujisajili. Mteja mwenyewe usimpe soda kwa sharti la kupakua wala la nyota tano. Sera za Google zinakataza kununua upakuaji na tathmini, na programu inaweza kuondolewa.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: wakala kwanza, mpaka watu 200 hivi. Kwenye daftari lake andika maneno wanayotumia watu wenyewe kuielezea programu. Sentensi iliyorudiwa na wachuuzi watano ndiyo kichwa cha tangazo lako la Facebook baadaye. Na ukifika huko na fedha bado ni ndogo, chagua tangazo linalofungua mazungumzo ya WhatsApp badala ya lile la kupakua. Watakuja wachache, lakini utazungumza nao na kuwasaidia, jambo ambalo takwimu haziwezi.

WhatsApp au SMS?

Kwa kutafuta wageni, WhatsApp. Kwa kumrudisha aliyepotea, SMS. Tungeweza kuishia hapo, lakini namna inavyofanywa ina mitego.

Tumia WhatsApp Business, ambayo ni bure. Inakupa ujumbe wa makaribisho unaojituma mtu anapokuandikia mara ya kwanza. Humo ndimo unaweka kiungo cha Play Store na sentensi mbili za jinsi ya kuanza. Orodha ya utangazaji inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengi huituma kwa 256 wakidhani wamefikia 256. Ndiyo maana wakala, kabla mteja hajaondoka, amwombe aihifadhi namba.

Makundi yanabeba hadi watu 1,024, na kila mtaa una lake: la kikoba, la wazazi, la chama cha bodaboda, la wana Ujiji walioko Dar es Salaam. Kuingia na tangazo siku ya kwanza ni kujiharibia. Mwone msimamizi wa kundi kwanza, mweleze, akubali yeye mwenyewe kuliweka, tena kwa sauti yake. Sauti ya sekunde 30 ya mtu anayefahamika kwenye kundi inasikilizwa kuliko bango lililopambwa. Video usizidishe MB 3 au 4. Wengi wamezima upakuaji wa moja kwa moja.

SMS ina sheria na ina hesabu. Sheria kwanza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya mtu haitumiki kwa jambo ambalo hakulikubali. Orodha za namba zinazouzwa mitaani usiziguse. Tuma kwa waliojisajili kwako na kukubali, na uwape njia ya kujitoa.

Hesabu sasa. SMS moja ni herufi 160. Ikizidi, kila kipande kinabeba 153. Lakini hiyo ni kwa herufi za kawaida tu, zilizo kwenye orodha ya mfumo wa SMS. Ikiingia alama moja isiyo kwenye orodha hiyo, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70, na vipande vya 67. Kiswahili hakina herufi ngeni, ila kina "ng'ambo" na "ng'ombe". Ukiandika ujumbe kwenye kompyuta, programu ya kuandikia hugeuza kile kikato kilichonyooka kuwa kilichopinda, nacho hakimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 150 uliotakiwa kuwa SMS moja unatozwa tatu. Kwa watu 500 umelipia 1,500. Emoji nazo vilevile. Bandika ujumbe kwenye kijaribio cha mtoa huduma uone idadi ya vipande kabla ya kutuma. Jina la mtumaji lina herufi 11 tu, kwa hiyo jina refu la programu litakatwa. Chagua kifupi chake mapema.

Redio au gari la matangazo?

Gari la matangazo linapita. Mpaka mtu atoe simu, liko mtaa wa pili. Linafaa kwa tamasha, mkutano au duka jipya lenye mlango, na linahitaji kwanza kuomba kibali kwa viongozi wa eneo. Kwa programu ya simu tunaliacha.

Redio ni kitu kingine. Inafika vijijini kuliko Facebook, na jina lililotajwa redioni linapata heshima: mtu akimwona wakala wako kesho yake anasema "nimewasikia". Lakini hakuna cha kubonyeza. Tangazo la sekunde 30 linalosema "tafuta Play Store" linapoteza wengi njiani: wanasahau jina, wanaliandika vibaya, wanapakua la mwingine. Dawa yake ni neno moja na namba moja: "Tuma neno DAGAA kwa WhatsApp namba hii." Ujumbe wa makaribisho unawapa kiungo, na wewe unahesabu waliotuma neno hilo. Namba irudiwe mara mbili, polepole, tarakimu mbilimbili. Chagua namba nyepesi kwa sikio. Hilo ni jambo la kulitafuta mapema dukani, halirekebishiki baadaye.

Kati ya matangazo mafupi mengi na mahojiano ya dakika 20 na simu za wasikilizaji, chukua mahojiano. Omba orodha ya bei kwa maandishi, na uliza kama kipindi kinarudiwa. Muda wa kipindi mtu mmoja awe kwenye WhatsApp akijibu tu, na salio la namba za uthibitisho liwe limeongezwa asubuhi yake. Nenda na mchuuzi anayetumia programu, siyo wewe peke yako. Fundi akianza kueleza "mfumo" na "seva", watu wanahamia stesheni nyingine.

Stika, fulana, na wenye wafuasi wengi

Fulana tusizizungumzie, huvaliwa shambani.

Stika ina thamani ikibandikwa pale mtu anaposimama na kusubiri: kaunta ya wakala wa fedha za simu, ndani ya bajaji mbele ya abiria (si nje nyuma), ukuta wa kibanda cha chips. Msimbo wa QR uwe mweusi juu ya cheupe, upana wa sentimita 3 au 4, na jaribu kuusoma kwa simu dhaifu kuliko zote utakayoipata. Simu nyingi za bei ndogo kamera yake haisomi msimbo moja kwa moja, kwa hiyo weka na namba ya WhatsApp chini yake. Karatasi ya kawaida ya printa ya wino inafifia kwa jua la Kigoma ndani ya wiki chache. Chapa kwenye stika ya plastiki, ingawa utapata chache kwa fedha ileile.

Mwenye wafuasi laki mbili aliyeko Dar es Salaam hakufai kama huduma yako inaishia Mwandiga. Mchekeshaji wa mtaani Kigoma mwenye wafuasi 4,000, nusu yao wakiwa wa mjini hapahapa, anafaa zaidi na anaelewana. Mwombe akuonyeshe kwenye simu yake takwimu za miji wanakotoka wafuasi kabla ya kukubaliana.

Kujua nani kaleta nani

Kila njia ipe kiungo chake. Mwishoni mwa kiungo cha Play Store ongeza alama za ufuatiliaji, mfano: &referrer=utm_source%3Dkibirizi%26utm_medium%3Dstika. Ripoti za Play Console zitakutenganishia. Zile huduma za viungo vifupi za Firebase (zana za Google kwa watengeneza programu) zilizokuwa maarufu zilifungwa Agosti 25, 2025. Ukikuta mafunzo ya zamani yanayozielekeza, ruka. Kwa kuwa namba zako zitakuwa ndogo na ripoti hizo huchelewa, weka pia swali moja wakati wa kujisajili, "Umetusikia wapi?", lenye majibu matano ya kugusa. Firebase Analytics ni bure na inatosha kuona waliorudi siku ya kwanza na ya saba.

Laki tatu ziende wapi

Programu ya bodaboda au kupeleka mizigo ndani ya manispaa ina pande mbili, na upande wa madereva ndio wa kwanza. Usitangaze kwa abiria hata shilingi moja kabla hujapata madereva 30 walioenea Mwanga, Gungu, Ujiji na mjini. Abiria akifungua mara ya kwanza akaambiwa hakuna dereva, harudi. Hapa weka 180,000 kwa wakala wa vijiwe, 70,000 kwa stika za ndani ya bajaji na kaunta, na 50,000 ibaki kwa bando na SMS za uthibitisho. Redio na Facebook, sifuri, mwezi wa kwanza.

Programu ya bei za dagaa na mawese inagusa wachuuzi wa hapa na wanunuzi walio mbali, Tabora mpaka Dar es Salaam. Wa hapa wanafikiwa na wakala wa mwaloni, 120,000. Wa mbali hawana wakala. Hao ndio wa tangazo la Facebook linalofungua WhatsApp, 100,000, kwa wiki mbili badala ya mwezi ili mfumo upate kasi, likilenga miji michache yenye wanunuzi unaowajua. Zinazobaki 80,000 nenda nazo redioni ukaombe mahojiano, na kama hazitoshi, ongeza mkataba wa kuwapa kituo bei za kila asubuhi wazisome bure. Redio nyingi zinahitaji kitu cha kusoma asubuhi kuliko zinavyohitaji elfu themanini zako. Asiyesikilizwa kwa pesa husikilizwa kwa habari.

Programu ya masomo, yenye mitihani ya nyuma na majibu, inafuata kalenda ya mitihani na siyo ya kwako. Kidato cha nne wanafanya Novemba, kidato cha sita Mei. Wanafunzi wengi wa bweni hawana simu shuleni, kwa hiyo tangazo la Oktoba linamkuta mwanafunzi amefungiwa na simu iko kwa mama. Wakati wake ni likizo za Juni na Desemba, na anayelipa ni mzazi. Weka 150,000 kwa wakala kwenye vituo vya masomo ya ziada, 60,000 kwa sauti na video fupi za makundi ya WhatsApp ya wazazi kupitia walimu wanaokubali kuzisemea, na 90,000 izuie mpaka likizo ya pili. Toleo la kutumia bila intaneti liwe tayari kabla ya yote hayo, maana mwanafunzi anayerudi kijijini Kalinzi kwa likizo bando lake ni la mama.